Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Nicolaus alizima redio ili asikie vizuri, kisha akatamani asingeizima. Mlio ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba na mrefu, kama wa mbu aliyekosa pa kutua. Mara alihisi ukipanda na kushuka pamoja na mwendo wa pikapu, mara ukabaki palepale hata alipopunguza kabisa kupita kwenye mashimo. Alimtupia jicho Hafsa, aliyeketi kando yake akiwa amempakata binti yake Johari, akangoja aseme neno. Macho ya Hafsa yalikuwa kwenye uso wa mtoto, aliyekuwa amechemka kwa homa na hajapata hata nguvu ya kulia tangu asubuhi.

Walikuwa wametoka Kibiti, wakielekea Mkongo, wavuke mto kwa kivuko waende hospitali ya Utete. Jua likizama, kivuko hakivushi gari. Mshamu, mume wa Hafsa, alikuwa nyuma, ameshikilia mabomba ya bodi.

Siri ya Nicolaus ilikuwa changa. Malaria iliyompanda kichwani ilikuwa imemlaza kitandani, akatundikiwa dripu za kwinini hadi akapona. Lakini aliamka na mlio masikioni, na sauti ya mkewe Winifrida ikimjia kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Hakumwambia yeyote. Miaka hiyo ya ruksa, biashara huria ilipoingia, shirika alilokuwa akiliendeshea lori lilikuwa limepunguza watu, naye akiwamo, na pikapu hii kuukuu iliyoshushwa kutoka Dubai ndiyo iliyokuwa shamba lake. Nani angempakiza mgonjwa wake kwa dereva asiyesikia?

Kwa hiyo alijiambia kuwa mlio ni wa kichwani mwake, akaendelea kukanyaga mafuta.

"Baba Elina," Hafsa alimwambia Nicolaus, akiinua sauti, "gari lako linalia."

Kwanza Nicolaus alifurahi, kwa kuwa mlio haukuwa wa kichwani mwake tu. Furaha hiyo ilimpita mwilini kabla hajaweza kuizuia, na nyuma yake ikafuata baridi iliyomshika viganja kwenye usukani.

"Tangu wapi?"

"Tangu tulipoanza safari. Nikadhani ndivyo lilivyo."

Alitoa gia, akazima injini, akaliacha gari lijiendee kwenye mteremko mdogo. "Bado linalia?"

"Bado."

Basi haikuwa injini. Akayumbisha usukani kulia, uzito ukaegemea kushoto. Hafsa akakunja uso. "Sasa ndiyo limezidi." Akayumbisha kushoto. "Limepungua." Nicolaus hakuhitaji zaidi. Lilikuwa gurudumu la mbele, upande wa kushoto, chini ya miguu ya mama na mwanawe. Aliwahi kuona gurudumu lililochomoka likilitangulia gari lake barabarani, na aliona pia kilichofuata.

Mahali pale hapakuwa pa kusimama. Vichaka vilikuwa vimeibana barabara pande zote mbili, na mwezi uliopita, si mbali na hapo, mnyama alikuwa amemchukua mwanamke aliyekuwa akilinda mpunga wake. Watu hawakumtaja kwa jina. Walisema mnyama, wakanyamaza. Nicolaus alisimama. Mshamu aliruka chini na panga, akavigeukia vichaka bila kuuliza kitu.

Nicolaus aligusa kitovu cha gurudumu, akaurudisha mkono upesi. Kilikuwa cha moto. Akapiga jeki, akalizungusha gurudumu, akainamisha sikio. Hakupata kitu ila mbu wake yule yule. Alijua kwamba hata angelala pale mpaka kesho, masikio yake yasingempa jibu.

"Mama Johari, njoo." "Sisikii vizuri. Kwinini imeniziba masikio. Nisikilizie."

Hafsa alimtazama, mtoto begani.

"Na ukatubeba."

"Nikawabeba."

Nicolaus alitarajia aende kumwambia mumewe. Badala yake Hafsa alichuchumaa, akasogeza sikio karibu na chuma. "Zungusha," alisema. Akasikiliza. "Linasaga. Kama kuna mchanga ndani."

Nicolaus alilifungua gurudumu haraka. Maji aliyoyakatiza bondeni kabla hajaugua yalikuwa yameingia ndani na kuimaliza grisi. Beringi ilikuwa kavu, imeanza kupiga rangi ya samawati kwa joto, lakini goroli zake zilikuwa bado nzima. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaishindilia grisi kutoka kopo la maziwa. Kila jani lilipocheza, Mshamu alihamisha miguu, na Nicolaus aliuona mgongo wake ukikakamaa. Alipokaza nati, alizungusha tena gurudumu na kumtazama Hafsa usoni, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Limetulia," alisema Hafsa. "Kwa sasa."

Waliondoka polepole. Jua lilikuwa limekwisha kuinamia minazi ya mbali, naye alitaka kukimbia, lakini hakuthubutu. Kila baada ya kitambo aliuliza, na kila mara Hafsa aliegemea mlangoni, akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakuwa amemsamehe, hilo lilionekana katika namna alivyokataa kumtazama. Hata hivyo alisikiliza kwa bidii, kama aliyepewa usukani nusu. Nicolaus alijikuta akimtegemea kama anavyotegemea breki.

Walipokaribia kushuka mtoni, Hafsa aligutuka. Aliinama ghafla, mkono kifuani.

Mguu wa Nicolaus uliruka kutoka kwenye mafuta. "Linalia?"

Hafsa alimwinua Johari.

"Analia," alisema.

Nicolaus aligeuka. Kinywa cha Johari kilikuwa wazi, ulimi mdogo ukicheza, machozi yakimchuruzika kuelekea masikioni. Alimtazama kadiri barabara ilivyomruhusu, akijitahidi kuidaka sauti ile katikati ya mlio wake, asiipate.

"Kwa nguvu?" aliuliza.

"Kwa nguvu," alisema Hafsa, na kwa mara ya kwanza tangu kule vichakani akamtazama. "Twende."