Uso wa Fundi na Sabuni ya Mkewe

Mimi ni fundi cherehani, na kama kuna kazi ninayoiweza kuliko kushona, ni kusingizia. Uso ulipoanza kuniwasha na kutoa vipele, sikujiuliza mara mbili. Nilimgeukia mke wangu.

Mke wangu anapika sabuni uani, anaikata vipande kwa uzi wangu wa cherehani, na kuwauzia majirani. Mtaa mzima unamwita Mama Povu.

"Sabuni yako imeniunguza," nilimwambia.

"Mbona mimi na watoto hatuwashwi?"

"Nyinyi ngozi zenu ngumu."

Nilijiona nimejibu. Dukani kwangu kila mteja aliyeuliza, "Fundi, uso umefanyaje?" nilimwambia, "Muulize Mama Povu." Wakacheka, nami nikazidi kunogewa. Maneno yakatembea. Baada ya wiki mbili sabuni zilikuwa zimepangwa sebuleni mpaka juu ya kabati, hakuna anayezitaka. Mke wangu hakugomba. Aliiosha sufuria yake kubwa, akaitundika ukutani, akanirudishia kibunda changu cha uzi. Makelele yake nimeyazoea. Ukimya ule ndio ulionikosesha raha.

Mimi nikahamia sabuni ya dukani. Nikapaka na ndimu, nikapaka na shubiri, nikapaka kila nilichoambiwa na watu wasio na vipele. Uso ukazidi kuvimba, nikaona sasa niende zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. "Unatumia sabuni gani?"

"Ya dukani, wiki ya tatu hii. Ile mbaya ya mke wangu nimeiacha."

"Na bado unawashwa?"

"Tena zaidi."

Alichukua kalamu. "Hebu nieleze siku yako, tangu unapoamka."

Nikamweleza: chai, cherehani, pasi ya moto, chumba kisicho na dirisha. Chumba chake nacho kilikuwa na joto. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitambaa, nikajifuta paji la uso, mashavu, na shingo. Akaacha kuandika.

"Hicho nini?"

"Masalio tu, mama. Tangu joto hili lianze, nikikata nguo, vipande vidogo natia mfukoni, najifutia jasho. Mimi situpi kitu."

"Vimefuliwa?"

"Vya nini kufua? Vipya kabisa, vimetoka kwenye jora!"

Nililisema hilo kwa fahari. Alikichukua kitambaa, akakilowesha bombani, akakikandamiza kwenye pamba nyeupe. Pamba ikageuka buluu.

"Rangi na dawa za kiwandani," alisema. "Unajisugua nazo mara ngapi kwa siku?"

Nilihesabu, nikaacha nilipofika ishirini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa sababu kila mteja ninayemkabidhi nguo namwambia, "Ifue kwanza kabla hujaivaa, nguo mpya huwasha." Miaka kumi na tisa nimeyasema hayo. Mganga hajigangi, lakini angalau hamsingizii mkewe.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anachagua mchele.

"Siyo sabuni," nilisema.

"Nilijua."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nimekusamehe." Hakuinua macho. "Lakini msamaha umeniomba jikoni. Sabuni yangu uliitukana dukani, mbele za watu."

Nikaenda sebuleni, nikashusha kipande kimoja kutoka juu ya kabati.

Kesho yake niliweka beseni mlangoni pa duka, na kipande cha sabuni yake. Kila mteja alipofika nilinawa mbele yake, nikamsimulia yote, vitambaa vya mfukoni na ngozi ngumu na pamba ya buluu. Mmoja alicheka mpaka akakalia pasi. Bahati yake ilikuwa haijawashwa. Waliniita Fundi Buluu, na jina limeshika. Nilinawa hivyo siku nne, uso unatulia, heshima inakwisha.

Siku ya tano nilirudi nyumbani nikakuta juu ya kabati peupe. Ukutani palibaki msumari tu. Mke wangu aliingia kutoka uani, mikono imeloa, akaninyooshea kiganja.

"Fundi Buluu," alisema, "lete uzi."