Jiko la Majivu

Watu wa Idsowe walipomwona mzee Harrison akimwaga majivu uani kwake, maneno yakaanza. Mmoja alisema anazindika boma, mwingine akasema ni uzee umeingia. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa anachora jiko. Karatasi hakuiamini, kitu ukikichora kidogo kinakudanganya, alisema, lakini ukikichora kwa ukubwa wake utakigonga kwa goti. Kwa hiyo akachora kuta kwa majivu, akaacha nafasi ya mlango, akapanga mafiga matatu na kuweka ndoo mahali pa maji.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mkewe, Charity. Tangu masika kiharusi kilikuwa kimemuua mkono wa kulia, na mguu wa upande huo aliuburuta kwa mkongojo. Juzijuzi, katika jiko lao la zamani, sufuria ya uji ilimpindukia ikamuunguza paja. Binti yao Christine, anayeishi Garsen, alipopata habari hakuzunguka: Jumamosi angekuja kumchukua mama yake akae naye mjini. Harrison alimsihi kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Christine si mtu wa roho ngumu, ni hofu tu ya moto, akalegea kidogo.

"Sawa, Baba. Nionyeshe jiko ambalo Mama hataungua, nami nitamwacha."

Harrison mwenyewe asingeweza kuhamia Garsen. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, na ndege wa bonde lile hawajui kwamba mwenye shamba ana mgonjwa. Mchana alijifanya ana kazi nyingi, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliiogopa nyumba isiyo na Charity kuliko alivyopata kumwogopa mamba.

Tatizo ni kwamba mzee huyu jikoni hakukujua. Wanaume wa rika lake hukaa nje wakaletewa, na tangu aoe aliingia mle kuchukua kaa la kuwashia sigara tu, akatoka. Sasa utapangaje mahali usipopajua? Aliona dawa ni moja. Alichukua leso ya mkewe, akaufunga mkono wake wa kulia kifuani, akaketi kwenye kigoda katikati ya majivu yake, akaanza kupika chakula ambacho hakipo.

Charity alikuwa barazani. Mwanzoni alichukia, akidhani anaigizwa. Kisha akamwona mumewe akijipinda kufikia ndoo kwa mkono wa kushoto, akayumba, akaanguka chali na kigoda chake, akainuka bila kulalamika na kuisogeza ndoo. Hasira ikamtoka.

"Iinue juu ya uchaga," alimwambia kutoka pale alipokuwa. "Nikiinama sana mguu unanitupa."

Basi wakapanga wawili, mmoja kwenye majivu, mwingine barazani. Unga ulihamia pale mkono wa kushoto unapofika. Kuni zilitolewa kwenye njia ya mkongojo. Kuku walipita katikati ya kuta kama kawaida yao, na siku moja Charity akajikuta anawafukuza watokee mlangoni. Harrison alisikia, akainamisha uso asionekane anacheka.

Kisha akawasha moto wa kweli, asonge ugali wa kweli. Unga ulipoanza kushika, sufuria ikazunguka pamoja na mwiko. Akisukuma mwiko, sufuria inafuata. Alihangaika mpaka jasho likamwingia machoni.

"Mama Christine, hii mnaishikaje?"

"Kwa mkono ule mwingine," alisema Charity, akatazama kando.

Harrison aliuweka mwiko chini. Siku ya pili alikwenda mtoni kuchota udongo wa mfinyanzi, akafinyanga jiko lililoinuka usawa wa kiuno cha mtu aliyekaa, lenye kinywa kinachoimeza sufuria mpaka katikati. Ukisonga, haitikisiki.

Jumamosi Christine alishuka kwenye bodaboda na mkoba mtupu wa nguo za mama yake. Baba yake, mkono umefungwa vilevile kwa leso, alimtembeza kutoka ukuta hadi ukuta, akamwonyesha maji, unga na kuni. Christine aliitikisa sufuria kwa nguvu zake zote. Ikakaa imara. Machozi yalimlengalenga, maana aliona mzee amehangaika. Lakini alikuwa mpishi tangu utotoni, na swali likamtoka.

"Baba, na chakula kikiiva? Ataiipuaje?"

Harrison aliitazama sufuria. Jiko lile liliishika barabara kiasi kwamba kuitoa kulitaka mikono miwili hata zaidi ya zamani. Akaketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alionekana mzee kweli.

Charity akainuka barazani. Alikuja polepole, akazunguka mpaka mlangoni, akaingia. Kwa ncha ya mkongojo akaufuta ukuta mmoja, akachora alama hatua moja nje yake.

"Huu ukuta usogee hapa. Pawekwe kigoda cha pili."

"Cha nani, Mama?" Christine aliuliza.

Charity alimwinamia mumewe, akashika fundo la leso kwa vidole vya kushoto, akavuta, likagoma, akalimalizia kwa meno. Leso ikaanguka.

"Huu mzima unaufungia nini, Baba Christine? Si ndio wa kuipulia."

Christine alikunja mkoba ule mtupu, akauweka kwapani. Harrison alinyoosha mkono uliokufa ganzi, akatazama njiani, ambako watu walikuwa wamesimama kabisa kuangalia. Kupima jiko ni jambo moja. Kukaa ndani yake kila jioni ni jambo lingine, na wangesema mpaka wachoke. Akainuka, akaenda kuchota majivu mengine.