Nyimbo za Chiriku

Mtaa mzima ulimwita Mama Kale kwa sababu ya biashara yake. Aliuza vitabu vya zamani, vile ambavyo maduka mengine yalishaacha kuviweka na wachapishaji wake walishafunga milango. Duka lake lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, na ngazi ya kufika kwake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja ilibidi arudi nyuma. Harufu ya rangi ilipanda, harufu ya karatasi kuukuu ikashuka, na wateja wageni walikuwa wakipiga chafya katikati ya ngazi. Kwa hiyo Mama Kale alijua mgeni anakuja hata kabla mlango haujabishwa.

Alipoitwa kwenye nyumba ya mtu aliyefariki ili anunue vitabu vilivyobaki, hakukimbilia rafu. Aliwapa pole wafiwa kwanza, akaketi nao, kisha akaomba aonyeshwe. Kitabu alikinusa kabla ya kukifungua. Ukungu una harufu yake, moshi wa jikoni una yake. Halafu alitazama picha, maana picha ndizo huchanwa kwanza na watoto wa nyumba. Wauzaji wenzake walimcheka kwamba anaviposa vitabu badala ya kuvinunua. Naye aliwajibu, "Ndiyo, na ndiyo maana vyangu havinikimbii."

Wateja wengi hawakujua kwamba alikuwa pia mwanamuziki. Nyuma ya meza yake, chini ya kitambaa cha kijani, palikuwa na akodiani nyeusi yenye mikanda iliyobadilishwa mara nyingi. Tangu ujana wao yeye na mdogo wake walikuwa wakialikwa harusini na kumbini. Dada alitunga na kupiga, mdogo aliimba. Mdogo huyo aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa vile alikuwa haachi kelele tangu kunakucha mpaka usingizi umzidi nguvu. Alipokua, kelele ziligeuka sauti. Ilikuwa sauti nyembamba lakini haikuwa dhaifu. Ilipanda juu bila kujikaza, na ikifika huko ilitulia, na watu waliacha kutafuna.

Kisha Chiriku akaota uvimbe kooni. Daktari aliwaeleza wazi kwamba uvimbe umeukumbatia mshipa unaoendesha sauti, na kwamba kuuondoa ni kuchagua kati ya sauti na uhai. Chiriku alichagua uhai, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Alipozinduka, uvimbe ulikuwa umeondoka na sauti imekwenda nao. Alichobakiwa nacho ni mnong'ono mkavu, kama mtu anayefunua kurasa.

Mama Kale alimchukua dukani. "Njoo unisaidie kushona vitabu," alimwambia. "Mikono yako haijafanyiwa upasuaji." Chiriku alicheka bila sauti, akaja. Alijifunza kushona migongo iliyoachia, kupika gundi ya unga wa ngano, kubandika karatasi nyembamba penye mpasuko mpaka mpasuko usionekane. Alikuwa fundi mzuri. Wateja walimpenda kwa sababu alisikiliza. Basi wakafanya kazi pamoja, yeye kwenye meza ya dirishani na dada yake kwenye meza ya mlangoni, na kuhusu muziki hawakusema hata neno.

Lakini Mama Kale hakuacha kutunga. Hilo ndilo lililomtesa. Nyimbo zilimjia akipanga rafu, akifunga vifurushi, akipanda ngazi, na kila moja ilimjia kwa sauti ya mdogo wake, ikiwa na mahali pale pa juu ambapo yeye peke yake ndiye aliyeweza kufika. Aliona ni ukatili kuzipiga mbele yake. Ni sawa na kumlia mali mbele ya macho yake, alijisemea. Kwa hiyo alisubiri Chiriku atoke. Na Chiriku, kwa bahati nzuri, alikuwa mtu wa kutokatoka: mara uzi umekwisha, mara sindano imekunjika, mara anakwenda kunyoosha miguu. Mlango ukifungwa tu, dada aliondoa kile kitambaa cha kijani, akavaa mikanda, akapiga polepole na kusikiliza sauti ambayo haikuwepo.

Adhuhuri moja, Chiriku akiwa ameaga kwamba anafuata uzi, Mama Kale alikuwa katikati ya wimbo mpya na hakusikia chafya ngazini. Maneno yake yalikuwa machache tu:

*Ukichoka, njoo nusu ya njia,*
*nusu ilobaki nitakujia.*

Aliyarudia kwa chini, akipiga. Aliporudi mwanzo mara ya tatu, sauti nyingine ikaingia ikaimba naye. Aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mnene wa makamo, amevaa sare nyeupe ya hospitali na viatu vya kazi, amefumba macho. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, ya kutokea tumboni.

Mama Kale akaifunga akodiani ghafla, nayo ikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa.

"Samahani, mama," mwanamke alisema. "Nimebisha, hukusikia. Mimi ni mkunga. Natafuta kitabu cha ukunga cha zamani, chenye michoro ya mkono. Mama yangu alifundishwa nacho, kikaungua na nyumba. Nimeambiwa kama wewe huna, basi hakipo duniani."

"Nitakitafuta."

"Na huo wimbo? Mzuri sana. Wa nani?"

"Una mwenyewe."

"Yuko wapi nimsikie?"

"Hayupo," Mama Kale alisema.

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu maswali yaishe. Lakini alipoinua macho, nyuma ya bega la mkunga alimwona Chiriku kwenye kizingiti, mikono mitupu, bila uzi wowote.

Mkunga aliacha namba yake ya simu, akaaga. Chiriku akaenda kwenye meza yake, akaketi, akaendelea kushona. Jioni hakumsubiri dada yake washuke pamoja. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Salamu alitoa, kazi alifanya, ila uso aliufunga. Mtu mwenye mnong'ono akinyamaza, hata kunyamaza kwake ni vigumu kugundulika. Lakini Mama Kale alikuwa amemlea, na alijua.

Mwishowe alimpelekea chai mezani, akasimama hapo. "Mdogo wangu, sema tu."

Chiriku aliweka sindano chini. "Dada," alinong'ona, "mimi nimekufa lini?"

"Usiseme hivyo."

"Umesema wewe. Yule mama amekuuliza mwenye wimbo yuko wapi, ukamwambia hayupo. Nimesimama pale pale."

"Nilimaanisha sauti. Nilikuwa naogopa kukuumiza."

"Kwa hiyo unanificha nyimbo zangu." Alikohoa, akanywa chai kidogo, maana maneno mengi yalimchosha. "Wewe unafikiri nikitoka naenda wapi? Uzi! Uzi uliomo humu ndani unatosha kushonea magazeti ya nchi nzima. Huwa nashuka ngazi mpaka chini, halafu narudi juu kimya kimya, nakaa pale kwenye kona ya juu, kando ya mlango. Nasikiliza mpaka umalize. Mwenye duka la rangi anadhani nina ugonjwa wa miguu."

Mama Kale alitafuta kiti, akakaa. Aliona siku zote zile zikipita mbele yake: yeye ndani, anamtamani mdogo wake aimbe, na mdogo wake nje kwenye ngazi yenye giza, ameegemea ukuta, anatamani kuitwa. Ubao mmoja wa mlango kati yao. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Kwa nini hukuingia?"

"Nilisubiri uniite."

Chiriku alimalizia chai yake. Kisha Chiriku akasema jambo ambalo dada yake hakulitarajia. "Mwite yule mkunga. Ana kifua. Hajui apumue wapi, lakini hilo linafundishika."

"Hawezi kufika juu kama wewe."

"Basi ushushe wimbo."

Hilo la kushusha wimbo lilimchoma Mama Kale kuliko yote. Kwake ilikuwa kama kukata miguu ya kitanda ili kitoshe chumbani kwa mtu mwingine. Alizunguka na jambo hilo moyoni majuma kadhaa. Wakati huo huo alikitafuta kile kitabu cha ukunga, akapiga simu kwa kila muuzaji aliyemjua, na mwisho akakikuta kwenye sanduku la muuza makaratasi chakavu, kimepoteza jalada lakini michoro yake yote ipo. Chiriku alikishona upya, akakivalisha ngozi ya kahawia. Siku mkunga alipokuja kukichukua, alikifungua kwenye mchoro wa mtoto aliyelala tumboni, akaweka kidole pale.

"Mama alikuwa akinionyesha huu," alisema. "Akiniambia, na wewe ulikuwa hivi, lakini mkaidi zaidi."

Mama Kale alimtazama, na kitu ndani yake kikalegea. "Ule wimbo," alisema. "Bado unaukumbuka?"

"Naukumbuka nikiwa kazini, nikiwa njiani. Umenikaa."

"Mwenyewe ni huyu hapa. Mdogo wangu. Nilikudanganya."

Tangu hapo mkunga akawa anakuja kila alipotoka zamu ya mchana. Chiriku alisogeza kiti chake katikati ya rafu, akawa mwalimu. Alionyesha kwa kiganja pa kupanda na pa kutua. Alipogusa kifua chake, mkunga alivuta pumzi. Alipokunja uso, walianza upya. Wimbo ulishushwa, kisha ukashushwa tena, na kila uliposhuka Mama Kale alisikia kitu kikiondoka, na hakumwambia mtu. Alipokosea vibonyezo kwa sababu ya mawazo, mdogo wake alimpigia meza kwa mfupa wa kukunjia karatasi, kifaa chake cha kushonea vitabu, na mkunga akacheka mpaka akashika ubavu. "Huko nje naogopwa na wajawazito wote wa wilaya," alisema, "halafu humu napigiwa meza!"

Jumapili moja waliwaalika wateja. Viti havikutosha, wengine wakakalia mafungu ya ensaiklopidia, na mwenye duka la rangi akapanda kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani, akapiga chafya kama kila mtu. Mkunga aliimba vizuri. Watu walilia pale panapoliza, na wengi walishuka ngazi wakiuimba. Chiriku alipewa mkono na kila mtu, uso wake ukang'aa kama zamani.

Mama Kale alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, chini ya ile sauti nzito aliendelea kusikia nyingine, nyembamba, ikipanda. Alielewa kwamba ataisikia maisha yake yote.

Mchana mmoja baadaye, wakiwa katikati ya mazoezi, simu ya mkunga ililia. Kuna mama amepata uchungu mapema. Alichukua mkoba wake akaondoka mbio, na ngazi ikatikisika. Dada na mdogo wakabaki.

"Endelea," Chiriku alinong'ona.

"Nani ataimba?"

"Wewe piga tu. Piga pale juu. Pangu."

Mama Kale alivuta akodiani, akaurudisha wimbo mahali alipouzaa. Chiriku alisimama, akafumba macho, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Lakini midomo ilitamka kila neno, shingo ilinyooka, na kifua kilijaa na kushuka pale pale panapotakiwa. Dada yake hakuangalia pembeni. Alimkazia macho midomoni, na mdogo wake alipochelewa neno, naye aliuchelewesha wimbo kumngoja.