Landrova ya Machochwe

Mume wangu Nelson hulipwa kulala chali. Ndivyo ninavyowajibu wanawake wenzangu pale sokoni Tarime wakiniuliza anafanya kazi gani, nao hucheka mpaka nyanya zinaporomoka mezani. Lakini ni kweli. Kuna watu wa Kisumu, wa Nairobi, hata wa Arusha, wanaopenda magari ya zamani kuliko mapya. Wanayaona kwenye simu, wanayatamani, ila hawataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Basi wanampigia Nelson. Anapanda pikipiki yake mpaka Robanda, mpaka Kenyamonta, popote gari lilipo, analala chini yake na kugonga chuma kwa nyundo huku simu inarekodi. Gari la zamani hubebwa na mihimili miwili ya chuma inayopita chini yake toka mbele hadi nyuma, mafundi huiita chasisi. Iliyo nzima ikigongwa hulia kama kengele. Iliyooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Mnunuzi anasikiliza akiwa kwake kitandani, kisha anaamua.

Nyundo hiyo ilimpa Nelson jina. Kwenye kundi lao la Wasap waliandika kwamba kama Nelson hajagonga, wao hawanunui. Sifa zikamwingia kichwani. Nilimwambia, lakini mwanamume akishasifiwa na watu asiowajua, mke wake anamwambia nini?

Mzee Oduol wa Kisumu alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Naye alikuwa fundi zamani, mpaka mgongo ukavunjika akawekewa vyuma, na sasa hawezi hata kuinama kufunga viatu. Macho yangu ni Nelson, alikuwa akisema. Akamtumia picha ya Landrova ndefu iliyokuwa ikiuzwa Machochwe, akamwambia ni ya aina ileile baba yake aliyomfundishia udereva, na anataka kuushika tena usukani wake kabla hajafa. Namba ya simu ilikuwa ya dalali, Simioni. Simioni hakumtaja mwenye gari. Madalali ndivyo walivyo, wanaogopa ukimjua mwenye mali utawaruka.

Nelson aliniaga asubuhi kwamba anakwenda upande wa Mugumu. Hakuonyesha picha, na mimi sikuuliza. Ningeiona ile picha ningelijua gari mara moja, maana nimewahi kuliona kuku wakitaga ndani yake.

Alipofika Machochwe, Simioni akamwongoza hadi kwenye mji mmoja, ndivyo tunavyoita boma la familia, wenye zizi kubwa. Landrova ilikuwa imeegeshwa miaka yote huku nusu yake ya nyuma ikiwa ndani ya zizi, matairi yamezama kwenye samadi. Mwenye mji akatoka kumpokea mgeni. Alikuwa mama Boke, mdogo wake marehemu mama yangu.

Nelson alikuwa hajawahi kufika pale. Mume wa mama Boke alipofariki, nilikwenda msibani peke yangu kwa sababu Nelson alikuwa amelazwa na malaria. Lakini sura ya mkwe wake aliijua, na mkwe naye alimjua. Mama Boke akapiga kigelegele, akaita wanawake wa jirani, vigoda vikatolewa, wakakaa uani kumtazama mkwe anayekuja kupima gari kwa ajili ya watu wa Kenya.

Asiye wa kwetu atacheka, na acheke. Kwetu Wakurya mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono. Hawali pamoja. Akimwona njiani anapisha. Na mama mdogo ni mama, tena kwangu ndiye mama pekee niliyebaki naye. Sasa mwanamume mzima alale chali mbele yake, magoti juu, ovaroli limepanda, tumbo nje, atambae kwenye samadi kama mtoto? Nelson hakuweza. Kumwomba mkwe aondoke kwenye uwanja wake mwenyewe pia hakuweza, kwa sababu hiyo ni kumfukuza.

Akamwita Simioni pembeni.

"Mura, kijana wangu, ingia wewe. Gonga, mimi nashika simu."

"Mimi si fundi."

"Kugonga tu kunahitaji ufundi gani?"

Simioni akaingia. Na Simioni si mjinga, chakula chake kilikuwa kwenye gari lile kuuzika. Aligonga mbele, chini ya injini. Landrova huvuja oili maisha yake yote, na oili hiyo hulinda chuma. Pale palilia vizuri kabisa. Nyuma, ambako ng'ombe walikuwa wakikojolea chuma mwaka hadi mwaka, alipitisha nyundo kwa upole kama anayembembeleza mtoto, akasema nako ni hivyohivyo. Kulikuwa kumepakwa oili chafu, kweusi, kunang'aa. Nelson aliona kwa mbali ule weusi. Fundi yeyote anajua kwa nini mtu hupaka oili chafu chini ya gari analouza, ni kuficha kutu. Akarekodi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Sikia hiyo, mzee," akatuma Kisumu.

Haya yote niliyajua jioni, kwa sababu ya ovaroli. Mimi ndiye ninayelifua. Siku zote mgongo wake huja na udongo, oili, na kinyesi cha kuku. Siku hiyo mgongo ulikuwa safi.

"Baba Huruma," nikamwambia, "leo hukulala."

Akajifanya kutafuta chaja. Nikasimama mlangoni mpaka akanieleza, kidogokidogo, akitazama chini. Mwanzoni nilicheka, kwa kweli. Nilimwona mama Boke na kigoda chake, na Nelson kasimama kama bwana harusi. Kisha akataja oili chafu na kicheko kikaisha.

"Mpigie mzee Oduol sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hukuona chini. Basi."

"Nimeshamtumia video. Sauti yangu imo. Nimwambie nilimpa dalali anigongee? Lile kundi lote litanicheka. Nelson aogopa mwanamke! Na ukumbuke ni gari la mama yako. Nikilitia doa, nani atalinunua? Tembo wamemmalizia mahindi misimu miwili, anataka kujenga karibu na barabara. Wewe unataka akae na tembo?"

Hapo alinipata, nakiri ilinichoma. Lakini nikamwambia mficha uchi hazai, na gari likivunjika na mtu ndani, kucheka kwa watu kutakuwa ni kitu kidogo. Nikachukua simu yake nikapiga mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Habari ya Tarime?"

"Nzuri. Mzee, hiyo Landrova, mimi naona ingepimwa tena. Kule chini nyuma."

Akacheka kwa upole. "Binti, hiyo nyundo nimesikia na masikio yangu. Inalia poa sana. Ama kuna kitu Nelson ameona? Hebu nipee yeye."

Nikampa Nelson simu. Nikamwangalia usoni. Nilikuwa na hakika atasema, maana si mtu mbaya, watoto wake anawapenda na kanisani anaimba besi.

"Gari ni nzima, mzee," akasema. "Huyu mama ana wasiwasi tu."

Nilimchukia. Sisemi nilikasirika. Nilimchukia, na usiku ule nililala chumba cha watoto.

Siku zikapita. Nilijiambia labda mnunuzi atabadili nia, labda mpakani Sirari watamsumbua mpaka achoke. Hakuchoka. Alivuka akaja na dereva wa kukodi, betri mpya na matairi mapya, akamsalimia Nelson kwa simu tu bila kupita kwake, akaenda moja kwa moja Machochwe. Injini iliwaka siku hiyohiyo. Mgongo wake ukamkataza kutazama chini, na hakuona haja. Kesho yake asubuhi akamwacha dereva atangulie na gari walilokuja nalo, akashika usukani wa Landrova mwenyewe. Mtu aliyekuwa ameingoja siku hiyo tangu utoto wake, nani angemlaumu?

Nilikuwa napanga nyanya mama Boke aliponipigia. Nyuma ya sauti yake niliisikia injini.

"Mwanangu, nakuja! Huyu mzee wa Kijaluo amenipa lifti mpaka Tarime. Nimemshika kuku wa mkwe, wa kumshukuru."

Nikakaa chini, katikati ya nyanya.

"Mama, shuka."

"Nini?"

"Shuka kwenye hilo gari. Mwambie asimamishe, ushuke."

"Nishukie wapi, porini? Rhobi, umelewa asubuhi hii?"

"Limeoza chini, mama. Linaweza kukatika."

"Nani kasema?" Akawa mkali. "Mkwe wangu ameliangalia. Nilikaa pale, nilimwona kwa macho yangu. Au unamwita mume wako mwongo?"

"Mpe simu mzee."

"Anaendesha. Sasa tunaanza kuteremka, hawezi kushika simu. Tulia mwanangu, tuko karibu na daraja la Mto Mara. Ukianza kupika sasa hivi..."

Mtandao ukakatika. Nikapiga, nikapiga tena. Nikakimbia na khanga yangu hadi gereji anakoshinda Nelson, nikamkuta anakunywa chai na wenzake, nikamwambia mbele yao wote, bila kuchagua maneno, nani yumo ndani ya Landrova. Kikombe kilimponyoka. Kwa ajili ya mzee Oduol hakuinua hata kidole. Kwa mkwe wake alirukia pikipiki bila kofia, nami nikapanda nyuma bila kuambiwa, tukapita Nyamongo bila kupunguza mwendo.

Tulikuta watu barabarani kabla hatujaliona gari. Lilikuwa limekatika katikati, kwenye mteremko, kama mkate. Sehemu ya nyuma ilibaki barabarani. Ya mbele ilikuwa imebingirika hadi kwenye korongo. Mzee Oduol walikuwa wameshamtoa akiwa hai, miguu imevunjika, wamempakia kwenye gari la watu waliokuwa wakipita. Mama Boke alikuwa amelazwa kando ya barabara, amefunikwa kwa kitenge chake kipya. Kuku alikuwa mzima. Alikuwa amefungwa miguu, analia kwenye majani, na hakuna aliyemjali.

Nikamwangukia mama yangu. Nikamfunua uso, nikamwita. Nilipoinua macho nikamwona Nelson amesimama mbali, ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, kichwa chini, kama inavyompasa mwanamume kusimama mbele ya mkwe wake. Watu walihitaji mtu wa kusaidia kumbeba. Hakusogea.

"Njoo umshike!" nikapiga kelele. "Sasa unamheshimu nini?"

Akaja hatua chache, akasimama tena. Wanaume wengine wakambeba.

Tulimzika Machochwe. Baada ya mazishi nilikwenda hospitali alikolazwa mzee Oduol. Nilikwenda peke yangu, au nilidhani hivyo. Nilitaka ajue, hata kama atatupeleka polisi. Alikuwa amelala na miguu imeninginizwa, midomo imekauka. Nikamwamkia, akaitikia. Kabla sijafungua mdomo akaniomba msamaha. Alisema alimwua mama yangu, alisema ni uendeshaji wake, mzee asiye na mgongo kushika usukani kwenye mteremko kama ule.

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Nilimweleza yote. Zizi, vigoda, Simioni, oili chafu, na kwa nini Nelson hakulala chini.

Alitazama dari. Niliisubiri hasira yake. Nilikuwa naihitaji.

"Kwa hivyo alikuwa mama mkwe," akasema mwisho.

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo ndiyo ilikuwa inamshinda kuniambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Binti yangu, mimi ni Mjaluo. Hata kwetu mkwe ni mkwe. Mimi mwenyewe singelala hapo. Angesema tu, 'Mzee, hapa ni kwa wakwe zangu, tuma mtu mwingine,' ningemheshimu zaidi, na ningetuma mtu."

Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni na kuingia masikioni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya mirija mikononi. Nikamfuta kwa khanga.

Nilipogeuka Nelson alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya uji aliyokuwa amemletea mzee. Alikuwa amesikia kila neno. Akaniangalia kama anayeomba nimwambie pa kuiweka ile chupa, nami sikumwambia.