Flashi za Kila Ijumaa

Ukitaka kunikasirisha, niletee kompyuta iliyokufa halafu uniambie hukuwa na bakapu. Ukali wangu katika jambo hilo wateja wanaujua. Ukutani dukani kwangu nimebandika karatasi: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA, na chini yake kwa herufi ndogo, nakili faili zako leo. Watu huisoma, hucheka, kisha hurudi baada ya miezi sita mikono kichwani. Nami huwasema kwanza ndipo nishike bisibisi. Kuna mwalimu mstaafu nilimsema mpaka akatoa leso. Naeleza haya ili ujue mapema ni mtu wa namna gani anayekusimulia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa wakala wa kodi. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia wenye biashara ndogo ritani, yaani taarifa zao za kodi za mwaka: mwenye gereji, mwenye saluni, muuza vyuma, mwenye mashine ya kusaga. Walimwita Mzee Risiti, maana hata ukimpelekea habari ya msiba, uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuuliza risiti iko wapi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha. Vifaa vyangu vya kwanza vya ufundi alinunua yeye, akanikabidhi, akanitaka nisaini kwamba nimepokea.

Miaka saba iliyopita mimi ndiye niliyemshawishi aachane na makabrasha. Nilimwambia makaratasi ni chakula cha panya. Akakubali shingo upande, kisha akaipenda kazi hiyo kupita kiasi: kila risiti aliipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta, akaipanga kwa mwaka na kwa mteja, na makaratasi akawarudishia wenyewe. Rafu zilipobaki tupu, mkaza mjomba akazitoa na kuweka cherehani yake mahali pale.

Mwanzoni mwa mwaka huu mteja wake mmoja, mama mwenye karakana ya magodoro, aliulizwa na watu wa kodi kuhusu ritani zake za miaka mitatu. Manunuzi aliyoandikiwa yalizidi yale ambayo wauzaji wake walisema wamemuuzia. Mama yule akajitoa mbio. Akasema yeye hajui kusoma hesabu, tarakimu zilitungwa na wakala. Kamati inayotoa leseni za mawakala ikamwandikia Mjomba barua: alete hesabu na risiti zote za mteja huyo ndani ya siku kumi na nne, la sivyo anafutiwa leseni, na jina lake linabandikwa kwenye orodha ya mawakala wanaoghushi.

Mjomba hakutishika. Risiti anazo, alizipiga picha kwa mkono wake. Akakaa siku mbili akifungua folda moja baada ya nyingine, akikagua, akiandika orodha. Kompyuta ilikuwa ya zamani, haikuzoea kubebeshwa mzigo wa namna ile. Siku ya tatu asubuhi aliiwasha ikampa kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe, ndipo akanipigia simu.

Nilimkuta amevaa kabisa, shati limepigwa pasi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nikafungua mashine, nikaweka sikio kwenye diski. Ilikuwa inagonga: tak, tak, tak. Fundi yeyote akisikia mlio huo anajua kwamba ndani mna kitu kinakwangua kisichopaswa kukwangua. Nikazima umeme haraka. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Usihangaike na hiyo, mpwa," akasema. "Mimi nina za Ijumaa."

Akaleta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na flashi kumi na tisa, kila moja imezungushiwa kipande cha plasta kilichoandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Kwa miaka saba, kila Ijumaa kabla ya kufunga kazi, alikuwa amenakili kila kitu, na flashi ikitimiza miezi yake anaifunga na kuanza nyingine. Nikajisikia fahari, nakuambia kweli. Nikasema laiti wateja wangu wote wangekuwa na nusu ya adabu ya mzee huyu.

Nikachomeka ya karibuni kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Majina yote yalikuwepo, mwaka na mteja, yamepangika vizuri. Kisha nikatazama ukubwa. Folda yenye picha mia nne za risiti ilikuwa na uzito mdogo kuliko barua ya mapenzi. Nikachomeka nyingine, na nyingine. Kwenye kona ya kila alama palikuwa na mshale mdogo.

Mshale ule maana yake si faili. Ni njia ya mkato, yaani alama tu ya kuonyesha faili iko wapi. Ukiinakili peke yake, ni sawa na kuandika anwani ya nyumba kwenye karatasi ukadhani umehamisha nyumba. Na zile anwani zote zilielekeza mahali pamoja, kwenye diski iliyokuwa inagonga.

Nani alimwekea zile alama mbele ya kioo? Mimi. Sikutaka ahangaike kuingia ndani ya mafolda, nikamtengenezea njia za mkato ili azione mara tu akiwasha, nikamfundisha kuongeza nyingine kwa kila mwaka na mteja mpya. Na siku hiyo hiyo, begi liko begani, nina mteja ananisubiri mahali pengine, nikamwonyesha bakapu. Nilisema: kila Ijumaa, Mjomba, kamata hizi, ziburute, ziweke kwenye flashi, basi. Akarudia mara tatu mbele yangu kwa kidole chake kizito. Nikamwambia hivyo hivyo. Katika miaka saba nimekula kwake mara zisizo na idadi, nimeliona lile kopo, nimelisifu, na sijafungua flashi hata moja.

"Vipi?" akauliza.

Nikamwambia hazina kitu. Akakaa kwenye kiti polepole, akashika magoti.

"Nilikosea wapi?"

"Hukunakili vizuri, Mjomba."

Ndivyo nilivyosema. Ukiitazama kwa jicho moja, si uongo hata kidogo. Niliona aibu papo hapo, lakini aibu ile niliiahirisha, nikajiambia nitaokoa faili kwanza, kisha maelezo yatakuwa ya kuchekea.

Diski niliichukua dukani. Nikaiunganisha na mashine yangu, nikaiacha isomwe taratibu, sehemu kwa sehemu, na kila ilipoanza kugonga nikaizima ipumzike. Siku nne sikupokea kazi nyingine. Nilichopata ni majina ya faili yasiyo na kitu ndani, na picha zilizokatika: utepe wa juu wa risiti, jina la duka, tarehe, kisha rangi ya kijivu mpaka chini. Za mwenye magodoro zilitoka nzima mbili. Nikampelekea diski bingwa mmoja mwenye chumba kisichoingia vumbi. Akaifungua, akanipigia simu kuniambia uso wake umekwanguka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, nisipoteze nauli kuifuata.

Mjomba naye hakukaa. Alizunguka kwa miguu kwa wauzaji waliomuuzia yule mama sponji na vitambaa. Mmoja alikuwa amefunga biashara, mwingine akamwambia vitabu vya miaka ile hana, na uso wake ulionyesha kwamba hata angekuwa navyo asingevitoa, maana kama manunuzi yalikuwa ya kweli basi aliyedanganya kwenye ritani ni yeye muuzaji. Mwenye magodoro, ambaye ndiye aliyerudishiwa risiti zenyewe, hakumfungulia mlango. Alisikika ndani akisema siku za mwizi ni arobaini. Mtaani wakaanza kuulizana ni kompyuta gani hiyo inayokufa wiki ya kuitwa. Muuza vyuma, mteja wake wa miaka ishirini, alikuja kuulizia hesabu zake, akasimama mlangoni bila kuingia.

Zikabaki siku mbili. Kamati ilitaka flashi zote, pamoja na taarifa ya fundi. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Penye chanzo cha kupotea kwa data palikuwa na visanduku viwili: kasoro ya mpangilio wa mfumo, au uzembe wa mtumiaji. Maelezo chini yalikuwa wazi. Ikiwa kosa ni la mpangilio, wakala anapewa miezi sita akusanye ushahidi upya. Ikiwa ni la mtumiaji, hakuna muda wa ziada.

Niliiweka ile fomu mezani mbele yangu. Wakati huo nilikuwa natunza bakapu za zahanati moja na shule mbili, na ndizo zinazolipa pango la duka. Nikawaza daktari wa zahanati akisikia kwamba yule anayewafokea watu alimwekea mjomba wake mwenyewe bakapu ya hewa kwa miaka saba. Nikawaza watoto wangu. Nikawaza kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe, kisha nikatia alama kwenye kisanduku cha pili, nikasaini.

Kikao kilifanyika saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, yeye mbele, mimi nyuma yake. Mwenyekiti, mama mtaratibu mwenye sauti ya chini, alisoma taarifa yangu yote kwa sauti. Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake: mtumiaji hakunakili faili ipasavyo. Kisha akaiweka chini.

"Mzee, fundi huyu ni mpwa wako," akasema. "Kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani amekuonea. Una lolote la kupinga?"

Mjomba akageuka, akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, akingoja apite. Mjumbe mmoja akakohoa. Mimi nikashughulika na kamba za viatu vyangu.

"Sina, mwenyekiti," akasema.

Leseni ikafutwa kabla ya saa sita. Wakamweleza ana siku thelathini za kukata rufaa, akiwa na jambo jipya.

Kesho yake nilikwenda kwake na diski mpya kwenye boksi, ya kuchomeka nje, kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo dukani. Hata leo sijui nilidhani atahifadhi nini humo. Nilimkuta juu ya kigoda anafungua skrubu za kibao chake cha uwakala mlangoni. Nikamshikia kibao kisianguke. Alipomaliza na kushuka, nikamwambia. Nilisema yote bila kupumzika: njia za mkato, mshale, begi begani, kisanduku cha pili. Chumbani cherehani ya mkaza mjomba ilikuwa inalia, ikanyamaza.

Mjomba alifuta kibao kwa kiganja, akakiegemeza ukutani.

"Najua," akasema. "Kuna binti wa kompyuta pale kwenye kamati, alinionyesha huo mshale siku nilipopeleka flashi. Akaniuliza nani kakuwekea hivi. Nikamwambia nimeweka mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto wa dada yangu simtaji mimi. Anajitaja mwenyewe. Nikasema atakuja jioni. Hukuja, nikasema atasema kesho. Hata pale mwenyekiti aliponiuliza nilikuwa bado nakungoja."

Nikaanza kulia, mtu mzima. Nikamwambia nisamehe, nimeshindwa kulala.

"Ungeniambia juzi, ungekuwa unaniambia mimi," akasema. "Leo umekuja ili upate usingizi."

Nikamwambia nitaandika barua kwa kamati, nitaeleza kila kitu, hilo ndilo jambo jipya wanalolitaka. Akasema niandike, kama nataka. Akaingia ndani na skrubu zake mkononi. Mkaza mjomba akatoka, akaniokotea lile boksi la diski nililoliacha kwenye kigoda, akanitia mikononi, akafunga mlango.

Barua niliiandika siku ile ile. Ni barua nzuri, kurasa mbili, haijifichi wala haimung'unyi maneno. Nilikuwa naisoma mara ya mwisho kabla ya kuichapa, daktari wa zahanati akapiga simu. Wanafungua tawi la pili, anataka bakapu zote nizishike mimi, maana nasifika kwa ukali. Nikamshukuru. Nikasema barua nitaipeleka kesho yake, tukishasaini mkataba. Tuliposaini nikasema ngoja nimalize kufunga mitambo, nisije nikawaachia kazi njiani.

Siku thelathini zilikwisha Jumatano. Barua iko kwenye kompyuta yangu, na nakala zake kwenye diski mbili tofauti. Nimezifungua zote, moja moja, na zote zinasomeka.