Koti la Kabaila

Tangu kitabu cha tisa cha katuni ya Kabaila kitoke, nguo za wateja zilipandana mezani kwa Pindo kama deni la duka, na yeye, fundi cherehani hodari kuliko wote mtaani, alikuwa akitazama ukurasa mmoja tu. Ukurasa wa mwisho.

Kwa wasiomjua, Kabaila ni bwana mwenye koti jeusi na macho ya mtu aliyekosa usingizi, anayempenda binti mmoja kwa namna ambayo mimi na wewe tungeipeleka polisi. Kamfungia juu ya mnara vitabu vinane vizima. Binti naye kazi yake kuzimia. Shangazi yake Pindo, mwenye duka, alihesabu: mara kumi na nne, na nywele hazijavurugika hata mara moja.

"Tena huyu mwanamume hana kazi," shangazi alisema. "Mapazia meupe vile anafua nani?"

"Shangazi, ana majeraha ya moyo."

"Mimi nina ya mgongo. Umeona nimemfungia mtu?"

Basi kwenye huo ukurasa wa mwisho, Kabaila anaingia na ufunguo mkononi, anamwambia binti neno moja: "Nimekuacha." Picha inayofuata, mlango uko wazi, na mlangoni amesimama mtu wa koti jeusi, uso wote umemezwa na kofia. Kwisha. Mchoraji kaenda zake kulala. Sasa amemwacha vipi? Amemwacha huru aende, au amemwacha mle mle aoze? Lugha yetu hii nayo, neno moja linabeba mizigo miwili na wala halihemi.

Pindo hakuwa na shaka. Alikuwa ameangalia vifungo. Katika vitabu vyote vinane koti la Kabaila lilikuwa na vifungo upande wa kulia, kama koti lolote la kiume. La mlangoni lilikuwa navyo kushoto. Koti la kike! Na katika kitabu cha sita, si binti aliomba kitambaa cheusi? Amejishonea, ametoka.

Mchumba wake, fundi saa, aliyekuwa akifungua kibanda mtaa wa pili, yeye aliangalia ukuta. Kwenye ukuta wa mnara palikuwa na saa. Picha ya kwanza, saa tisa na dakika kumi. Picha ya mwisho, saa tisa na dakika kumi. Mshale haujasogea, kwa hiyo hakuna aliyetoka.

"Labda saa imeharibika," Pindo alimwambia.

Hapo ndipo alipokosea. Fundi saa haambiwi saa imeharibika; yeye ndiye husema. Wakabishana siku mbili kwa simu, na harusi imebaki wiki mbili. Mwisho akamwandikia: "Mshale ni mshale. Kubali." Pindo alikuwa na mguu wa suruali chini ya sindano na mwenye suruali kasimama mbele yake na taulo kiunoni. Akajibu upesi, "Haya, nimekuacha," kwa maana ya watu wote wenye shughuli: sina muda, bishana na ukuta. Akaendelea na suruali.

Kesho yake akaja wifi yake, dada wa fundi saa, uso umemshuka.

"Wifi, kaka anasema suti usiishone tena."

"Kwa nini?"

"Si umemwacha? Tangu jana hajala. Kafungua saa ya mteja, kaifunga, gurudumu moja limebaki mezani."

Sindano ikamwingia Pindo kidoleni na hakuisikia. Aliogopa, tena aliogopa kweli. Alimpenda yule mwanamume kuliko Kabaila, ingawa Kabaila ana mabega. Akatoka mbio na futi ya kupimia shingoni.

Alimkuta kibandani, lenzi jichoni, hatengenezi kitu.

"Umenielewa vibaya," alisema Pindo.

"Nimekuelewa unavyotaka ueleweke. Kabaila akisema nimekuacha, si unasema amempa binti uhuru wake? Basi na mimi umenipa wangu. Ahsante."

Mkuki kwa nguruwe.  Pindo akainyakua simu ya mwenzake na kumwekea mbele ya ile lenzi.

"Ujumbe wako ni wa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini."

"Na wangu?"

Fundi saa akatazama. Akatoa lenzi, akatazama tena. "Saa nane na dakika ishirini."

"Mshale umesogea?"

"Haujasogea."

"Basi nani ametoka?"

Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake. "Hakuna aliyetoka. Na yule binti wa mnarani?"

 Vitabu tisa Pindo alikuwa amemsubiri yule binti avuke kile kizingiti.

"Hajatoka," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Hajatoka! Yuko mnarani, anazimia! Umeridhika?"

Mzee aliyekuja kubadilishiwa mkanda wa saa akaomba radhi, akasema atarudi kesho.

Suti ikashonwa. Siku tatu kabla ya harusi fundi saa akaja dukani kuijaribu. Mabega yalimkaa vizuri, hata Kabaila angeona wivu. Lakini alipotaka kufunga, vidole vilihangaika tumboni, vikatafuta huku, vikakuta vifungo viko kule. Shangazi akasogea na miwani yake.

"We Pindo! Mbona vifungo viko kushoto? Umemshonea mwenzio koti la kike?"

Pindo alikuwa ameinama, anakunja kitambaa ambacho kilikwisha kukunjwa.

Fundi saa akajitazama kwenye kioo, muda mrefu. "Kumbe ametoka," alisema.

"Siku nyingi," akajibu Pindo.

Shangazi akashika mkasi. "Nivikate nivihamishe?"

"Viache," alisema fundi saa, na safari hii hakuna aliyeuliza ana maana gani.