Mistari Iliyolala

Asubuhi ile ya Alhamisi, Mzee Sello, bawabu wa chuo cha ualimu, alifungua lango akiwa amependeza kama bwana harusi. Blanketi zito la sufu, la zambarau yenye mistari ya manjano, lilimshuka kutoka mabegani hadi kwenye mabuti yake ya mpira. Theluji ilikuwa imelala milimani tangu Jumapili, na upepo uliotoka huko ulikuwa na meno.

"Amani, Mzee," alisalimu Limpho, mkufunzi wa hisabati, huku akipuliza vidole.

"Amani, mwalimu. Lakini leo usiniite Mzee. Niite chifu."

"Chifu wa wapi? Na hilo blanketi umemnyang'anya nani?"

"Kunyang'anya waachie wezi wa ng'ombe. Mimi nimepewa. Kijana wako, Motlatsi. Jana jioni kaja hapa, kalivua, kanivika kwa mikono yake mwenyewe. Ati, 'Wewe ndiye unayekaa langoni, baba mkubwa.' Nikamuuliza, na wewe utavaa nini? Akacheka tu."

Limpho aliingia chuoni kifua kikiwa kimejaa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, huu ukiwa mwaka wake wa pili wa kazi, na Motlatsi alikuwa wa darasa analolilea. Wiki iliyopita kijana huyo alimpa msichana wa mwaka wa kwanza mkebe wake wa bikari na rula. Jumatatu alimpa mwenzake wa chumbani viatu vya mpira. Madaftari yake ya fizikia, yale yenye mwandiko safi ambao darasa zima liliuonea wivu, aliyaacha maktaba yatumiwe na yeyote. Sasa blanketi, tena mwezi wa saba, katikati ya kipupwe!

Saa nne, kwenye chai ya wakufunzi, habari ilikuwa imeshafika. Bwana Phakoe, makamu mkuu wa chuo, aligonga kikombe kwa kijiko.

"Wenzangu, wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kesho kwenye mkusanyiko tutampa kijana huyu cheti cha tabia njema mbele ya chuo kizima, tumpigie makofi. Mwalimu Limpho, wewe ni mlezi wake. Tuandikie maneno mawili matatu ya kusoma."

Limpho aliyaandika palepale, chai ikipoa. Aliandika kwamba katika dunia ya kila mtu na lake, ametokea mmoja anayewaona wenzake. Aliyasoma tena na akaona yamekaa vizuri. Kilichobaki kilikuwa majina ya wote waliopewa kitu, na mtu wa kuyajua hayo alikuwa mmoja tu, matroni wa mabweni.

Mama Puseletso alikuwa mfupi, mpana, na funguo zake zilisikika kabla hajaonekana. Alikuwa na miaka ishirini na saba kazini. Wanafunzi walimtania kwamba anajua hata idadi ya maharage kwenye sahani yako, kwa sababu kila mlo alisimama dirishani pale sahani chafu zinaporudishwa, akitazama. Wengi walidhani ni uchoyo wa chakula cha chuo. Limpho naye alidhani hivyo.

"Amani, mama."

"Amani, mwanangu. Keti, lakini usinikalie hayo mashuka, nimeyapiga pasi sasa hivi."

Limpho alimsomea maneno yake kwa sauti. Mama Puseletso aliendelea kupiga pasi mpaka lilipotajwa blanketi. Hapo mkono wake ukasimama.

"Blanketi gani?"

"La zambarau. Kampa Mzee Sello jana."

"Lile la mama yake?"

"Sijui ni la nani."

"Mimi najua. Mama yake ndiye aliyemnunulia alipopata nafasi hapa. Alilileta mwenyewe, kalibeba kichwani kutoka stendi mpaka mlangoni kwangu, anatokwa jasho, anacheka." Aliisimamisha pasi. "Na mama yake alifariki mwezi wa tano."

Limpho aliikunja karatasi. "Amefariki? Mbona hakuniambia?"

"Hakumwambia mtu. Shangazi yake ndiye aliyenipigia kuniuliza kama mtoto anakula. Wanafunzi walikuwa huko milimani kwenye mazoezi ya kufundisha, si unakumbuka? Kule simu hazishiki, na theluji ilifunga njia mapema. Habari ilimfikia kwa mpanda farasi. Aliposhuka, mama yake ana siku tatu kaburini."

"Na ofisi ilijua?"

"Niliandika karatasi nikaipeleka. Waliniambia asante, wakaitia kwenye faili." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Basi nikabaki na macho yangu. Wiki tatu sasa sahani yake inarudi imechorwachorwa kwa kijiko, chakula kimesogezwa pembeni ili kionekane kimepungua. Nikawa namwita anibebee maji, labda njiani atasema neno. Anabeba maji. Hasemi. Halafu juzi Jumanne nimemwona uwanjani kajifunga lile blanketi, mistari imelala."

Limpho aliinua macho. Hakuna mtoto wa nchi ile ambaye hakuwahi kuchapwa kofi la mgongo na bibi yake kwa kosa hilo. Mistari ya blanketi husimama, kwa kuwa mtu hukua kwenda juu. Anayeilaza amejikatia kukua.

"Nikajisemea, labda kavaa kwa haraka," alisema Mama Puseletso. "Hapo nilikosea. Mtu mzima hailazi mistari kwa bahati mbaya, mwalimu. Na hagawi blanketi la marehemu mama yake katikati ya baridi kwa sababu ya ukarimu. Mnataka kumpigia makofi. Huyo hagawi. Huyo anaaga."

Chumba kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni, lakini Limpho alisikia baridi ikimpanda miguuni. Alikumbuka mlango wake ukigongwa wiki mbili zilizopita. Mbele yake palikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Motlatsi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ni jambo la haraka, Motlatsi? Hapana, mwalimu. Basi njoo kesho. Na kesho haikuja.

"Twende tukaripoti kwa makamu," alisema huku akisimama.

"Tutaripoti. Kwanza mtoto." Mama Puseletso alikuwa ameshatoa simu mfukoni mwa aproni. Namba aliijua kwa kichwa. Alizungumza kwa ufupi na Nesi Mosele, mshauri nasaha wa hospitali ya wilaya, akamweleza jina, msiba, sahani, blanketi. Kisha akamgeukia Limpho. "Anakuja. Mimi nampigia shangazi. Wewe nenda, yuko nyuma ya karakana ya useremala, anaota jua. Nimemwona nilipokuwa naanika."

"Mimi? Nikamwambie nini?"

"Usimwambie. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Hilohilo unaloliogopa."

Limpho alifika mlangoni, akageuka. "Na kama nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo?"

"Mwanangu, swali halipandi kitu. Kama wazo halimo, atakushangaa, mtacheka, yataisha. Kama limo, limekaa naye peke yake muda mrefu mno." Alikunja shuka moja, akalikunja tena ingawa lilikuwa limeshakunjika. "Kulikuwa na binti hapa, miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilimpikia. Nilimfulia. Nilimwombea. Sikumuuliza."

Limpho alitoka, na alipofika uani alikuwa anakimbia.

Motlatsi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, pale ambapo matofali hushika joto. Alivaa sweta ya chuo tu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Amani, Motlatsi."

"Amani, mwalimu." Alitaka kusimama.

"Kaa, kaa." Limpho aliketi kando yake, kwenye vumbi, na sketi yake ya kazini. "Huna blanketi."

"Sisikii baridi, mwalimu."

Chuo kikuu kilimpa Limpho maneno mengi mazuri juu ya tumaini na kesho, na yote yalimjia mdomoni kwa pamoja. Akayameza. Ndani ya karakana msumeno ulikuwa unakata mbao. Aliungoja ufike mwisho.

"Siku ile uliponigongea, nilikuambia uje kesho. Nilifanya vibaya. Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Niko salama tu."

"Nimesikia habari ya mama yako. Pole sana, Motlatsi."

Kijana alitazama viatu vyake. Limpho alimgeukia. Akauliza, kwa sauti ndogo lakini isiyokatika:

"Motlatsi, unafikiria kujiua?"

Hakukasirika wala hakucheka. Aliokota kipande cha mbao vumbini, akakigeuza mkononi. Kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

"Blanketi lako."

Hapo kitu kikamvunjika kijana yule. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na maneno yakatoka vipande vipande. "Nilikuta udongo umeshakauka, mwalimu. Watu wameshakula, wameshaondoka. Hata sufuria zilikuwa zimesharudishwa kwa wenyewe. Kila mtu ananiuliza, 'U hali gani?', na mimi nasema salama. Nimechoka kusema niko salama."

"Basi usiseme tena," alisema Limpho. "Kwangu usiseme. Niambie ilivyo."

Akamwambia. Limpho alikaa naye, bega kwa bega, mpaka funguo zikasikika zikikaribia kwenye kona ya karakana.

Mama Puseletso alikuja na kikombe cha uji mchachu kikifuka mvuke, na mabegani hakuwa na kitu, kwa maana blanketi lake la kahawia alikuwa ameshalivua. Alimfunika nalo kijana, akajishusha ardhini kwa kuguna.

"Sogea, mrefu wewe. Umekalia jua lote peke yako."

Motlatsi alisogea. Sauti iliyomtoka ilikuwa nusu kilio, nusu kicheko.

"Kunywa. Nesi Mosele yuko njiani. Shangazi yako anakuja na gari ya saa nane. Mpaka wafike mimi na mwalimu hatubanduki hapa, na leo hulali peke yako, wala kesho."

"Mama, watu wataniona mwendawazimu."

"Watakuona mtu aliyefiwa na mama yake," alisema Mama Puseletso. "Kunywa uji."

Akanywa. Kikombe kilipokuwa kitupu, matroni alikitazama ndani kwa makini kama anavyotazama sahani zote, na Limpho akaelewa kwamba kwa miaka ishirini na saba mama huyu alikuwa anasoma. Wao walikuwa wakisoma vitabu; yeye alikuwa akiwasoma watoto.

Mchana ule Limpho alimpelekea Bwana Phakoe karatasi ya sifa, akamweleza kwa nini haitasomwa. Makamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Na mimi nilitaka tumpigie makofi," alisema. Kisha alifungua kabati mwenyewe, akapekua mafaili hadi akaipata ile karatasi ya Mama Puseletso ya mwezi wa tano. Aliisoma akiwa amesimama. Tangu wiki ile, karatasi za matroni zilisomwa siku ileile zilipofika.

Motlatsi alikwenda kwa shangazi yake wiki tano. Aliporudi, kila Jumatano alikwenda hospitali kuonana na Nesi Mosele. Hakurudi amepona kama mtu aliyetolewa mwiba. Kuna siku sahani ilirudi imejaa, na siku hizo Mama Puseletso alimtuma maji, na njiani sasa kijana alisema.

Kuhusu blanketi, Mzee Sello alitaka kulirudisha siku ileile aliposikia. Alikuwa amelikunja, analia, anajilaumu kwamba alicheza uchifu kwa msiba wa mtu. Mama Puseletso alimkataza.

"Likae kwako. Atalidai mwenyewe."

"Na asipolidai?"

"Tutaendelea kukaa naye."

Basi likakaa kwenye kibanda cha lango, juu ya sanduku, bila kuvaliwa. Kila asubuhi Limpho alipopita alilichungulia, na kila asubuhi lilikuwepo. Mzee Sello alitikisa kichwa tu.

Ikawa mwisho wa mwezi wa nane, mipichi imeanza kutoa maua ya rangi ya waridi kwenye matawi makavu, lakini asubuhi bado inauma. Limpho alifika langoni, akamkuta Motlatsi amesimama mbele ya kibanda, anasugua kiatu kwenye changarawe.

"Baba mkubwa," alikuwa akisema, "najua mtu hachukui alichokwisha kutoa. Ni aibu. Lakini lile blanketi... Nalihitaji. Baridi inaniuma."

Mzee Sello alimtazama. Ndevu zake zilitetemeka. Aliingia kibandani, akatoka na blanketi mikononi kama anabeba mtoto mchanga.

"Nimeishi miaka sitini na minne," alisema, "nimeibiwa ng'ombe, nimeibiwa tandiko la farasi. Sijawahi kufurahi kunyang'anywa kitu kama leo. Chukua, mwizi we!"

Mama Puseletso, aliyekuwa akitokea jikoni na ndoo, alipaza sauti. "Na wewe Sello usianze kutetemeka kwa maonyesho! La kwako lipo, lina viroboto tu. Lilete nilifue!"

Motlatsi alijitanda blanketi. Alitafuta pini mfukoni, akalifunga begani, akasita. Akajitazama chini, akaifungua pini, akaligeuza blanketi mpaka mistari yote ya manjano ikasimama wima kutoka magotini hadi shingoni. Akalifunga upya.

"Mwalimu," alisema alipomwona Limpho, "leo una nafasi? Nina jambo. Si la haraka."

"Ninayo," alisema Limpho. "Twende sasa hivi."

Wakapanda pamoja kuelekea ofisini. Mitihani ilikuwa imerundikana mezani. Limpho aliisukuma pembeni, akavuta kiti cha pili.